Shemeji Anataka Mahali

Okeyo alikuwa fundi mwashi kwa miaka arobaini, na kazi ilimfundisha jambo moja: bosi akishasema anachotaka, usimuulize mara mbili, chukua mwiko wako uanze. Ndiyo maana Malimi alipompigia simu na kumwambia anataka mahali, Okeyo hakuuliza ni mahali gani. Laiti angeuliza! Lakini mwanamume wa miaka sitini na moja anayetaka kuoa upya, akipigiwa simu na kaka wa mchumba, anapata wapi ubavu wa kuuliza maswali?

Malimi alisema hivi, neno kwa neno: "Baba Akelo, sisi si watu wa maneno mengi. Dada yangu ni mjane, wewe ni mgane, hakuna wa kuwazuia. Tunachotaka ni mahali tu. Mahali ikieleweka, mtu wako huyo. Jumamosi saa kumi nakuja Mwanza, tukae pale ufukweni tuongee. Kama hamna kitu, basi, mwache dada yangu apumzike."

Okeyo aliweka simu chini akacheka peke yake kama mwendawazimu. Hilo tu? Watu wanasumbuliwa na mashemeji miaka mitano, yeye anaambiwa atafute ukumbi! Wasukuma watu wa heshima, bwana. Aliwasifu siku nzima, hata kwa wasiomuuliza.

Na huyo mchumba hakuwa wa kuchezea. Mwalimu Bernadeta alifundisha Kiswahili shule ya msingi huko Igoma mpaka akastaafu, na mpaka leo mtu akibandika tangazo lenye kosa ukutani hulisahihisha kwa kalamu. Okeyo alikwenda kwake kuziba ufa, akaziba siku tatu ufa wa saa mbili. Alipomwomba wafunge ndoa, Bernadeta alisema anakubali, tena kwa moyo wote, ila hataolewa kwa kujificha kama mwizi. Baba yao alishafariki, mkubwa wa ukoo ni Malimi. Malimi akisema hapana, itabaki kuwa hapana. Kwa hiyo Jumamosi ile Okeyo alikuwa na mpaka saa kumi ya kumpata mke, au kubaki na godoro lake.

Saa tatu asubuhi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Mwalimu, vaa viatu vya kutembelea. Kaka yako anataka mahali. Amesema, mahali ikieleweka, mtu wangu wewe. Twende mjini tukachague."

Bernadeta alimtazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na raba nyeupe na mwavuli.

"Twende," akasema.

Walianzia Mirongo, katikati ya mji. Watu wakiitaja Mwanza husema mawe na samaki, basi. Hao hawajatembea na mwashi! Okeyo alikuwa haendi hatua kumi bila kusimama na kuinua shingo. Alimwonyesha maduka ya zamani ya Wahindi, ambayo mwaka wa kujengwa umeandikwa kwa saruji juu ya paji la nyumba: hili 1934, lile 1947, lile lingine tarakimu ya mwisho imebanduka, na sasa hakuna anayejua umri wake, kama bibi wa mtu. Alimwonyesha nguzo za baraza zilizonyooka mpaka leo wakati ghorofa la juzi pembeni yake limeshainama. Alipapasa lipu ya chokaa kwa kiganja.

"Hii haikufanywa na mtu mwenye haraka," akasema. "Sisi tunapiga saruji leo, kesho tunahamia. Huyu alipiga, akangoja, akapiga tena."

"Kama mtu aliyekuja kuziba ufa kwangu," akasema Bernadeta, wala hakucheka.

Okeyo alikohoa, akajifanya anatazama juu.

Baa ya kwanza ilikuwa chini ya jengo lenye madirisha ya tao, mazuri ajabu, ila mwenye baa alikuwa ameyapaka rangi ya zambarau na kutundika spika kubwa kama kabati. Saa nne asubuhi, wateja wawili, na muziki unatetemesha vijiko! Walikaa, wakaagiza soda ya tangawizi. Ilibidi waelezane kwa mikono.

"Unapaonaje?" Okeyo akapiga kelele.

"Wewe unapaonaje?"

"Mimi nakuuliza wewe!"

Bernadeta aliacha kunywa, akamtazama kwa muda. Kisha akakitazama chumba chote polepole, kona kwa kona, kana kwamba ameambiwa kuna mtihani.

"Sipapendi," akasema. "Shangazi yangu wa Magu atazimia mlangoni."

"Tumepafuta," akasema Okeyo, wakatoka.

Asubuhi ikawa tamu kuliko alivyotarajia. Walifuata mto Mirongo unavyopita mjini katikati ya kuta zake za mawe, Okeyo akisifu mawe na kulaani uchafu. Walichungulia ua wa baa moja iliyokuwa na kivuli kizuri lakini haina choo cha maana. Bernadeta alikwenda kukikagua mwenyewe, akarudi akitikisa kichwa. Mahali pengine mhudumu aliwauliza kama wametoka halmashauri. Kila walipoingia Okeyo aliuliza lile lile, unapaonaje, na kila mara Bernadeta alijibu kwa kirefu zaidi. Mpaka saa sita alikuwa anataka dirisha la upande wa ziwa, meza zisizo na vitambaa vya plastiki, na bendi ya watu wanaopiga vyombo kwa mikono yao.

"Bendi ninayo," akasema Okeyo. "Twende kwa Chenge."

Chenge ni Msukuma wa Magu aliyepiga gitaa la besi miaka mingi, na alipochoka kuzunguka akafungua baa yake kwenye ghorofa moja ya zamani. Chini anauza supu na bia. Juu kuna ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la pamba. Unapanda ngazi za mbao zinazolia, unatokea kwenye chumba kirefu, sakafu ya mninga, dari iko juu kabisa, na madirisha manne yenye vioo vya rangi. Jua la saa sita lilikuwa limemwaga madoa mekundu na ya kijani sakafuni. Na kule mwisho, wazee watano walikuwa wanafanya mazoezi ya zilipendwa. Gitaa la solo lilikuwa linatiririka, tumba zikilifuata taratibu, na mzee mmoja mwembamba akiimba macho yamefumbwa.

Bernadeta alisimama mlangoni. Mwavuli ulimponyoka, hakuuokota.

"Hapa," akasema.

"Hujakagua choo."

"Baba Akelo, hapa!"

Wakacheza kidogo, hatua chache tu, kwa adabu ya watu wazima, raba nyeupe zikiteleza juu ya mninga. Kisha Bernadeta akatoka kwenye roshani kutazama kama ziwa linaonekana. Okeyo alibaki na Chenge, amejaa raha mpaka masikioni, akamsimulia mambo yote tangu mwanzo: simu, shemeji, mahali ikieleweka, saa kumi.

Chenge alikuwa anafuta bilauri. Akaacha.

"Ngoja. Huyo shemeji ni Msukuma wa wapi?"

"Busisi. Amezaliwa huko, amekulia huko."

"Anasemaje akikusalimia?"

"Anasema habali."

"Habali." Chenge aliweka bilauri chini taratibu, kama mtu anayetaka kuleta habari za msiba. "Mimi nikikasirika nasema habali. Mama yangu mpaka anaingia kaburini alisema habali. Mwaka juzi mjumbe wetu wa mtaa alitangaza mkutano wa kupiga kula, watu wakaja na sahani! Sasa hebu, Okeyo, wewe Mjaluo uliyesoma, mwambie Malimi aseme mahari. Atasemaje?"

"Mahali," akajibu Okeyo, na hapo hapo akajisikia.

"Umeona?" akasema Chenge. "Hakuna Msukuma atakayetoka Busisi kuja kuulizia ukumbi, ndugu yangu. Anataka ng'ombe."

Jamani! Ng'ombe, na Okeyo mfukoni ana funguo za nyumba na timazi yake ya uashi. Kwao Shirati alikuwa na mbuzi wawili, tena mmoja anakohoa. Angefika mbele ya mkubwa wa ukoo mikono mitupu, tena baada ya kumtembeza dada wa watu kwenye mabaa tangu asubuhi! Alimpigia Malimi haraka, aombe wiki moja tu. Moyoni alitegemea pantoni, maana kivuko hicho cha Busisi kilishawachelewesha watu mpaka harusi zikapita. Alisahau kwamba siku hizi kuna daraja.

"Nishavuka zamani!" Malimi akanguruma kwenye simu. "Dalaja tamu, Baba Akelo! Dakika ngapi sijui, puu, niko ng'ambo! Niko hapa ufukweni tulipopanga, nimeagiza sato. Njooni sasa hivi, ya nini kungoja saa kumi?"

Na wakati huo huo Bernadeta akarudi kutoka roshani, macho yanawaka.

"Ziwa linaonekana! Bendi wabaki pale pale. Wazee wakae dirishani wapate upepo. Wanakwaya niwaweke nyuma, wanapenda kula kabla ya wakati."

Okeyo alitaka kumwambia pale pale. Lakini alivyokuwa anaonyesha kwa mwavuli, hapa keki, pale shangazi wa Magu, nani angekuwa na roho ya kumkatisha? Akasema tu kwamba shemeji amewahi, twende.

Walitembea kwenda ziwani. Njiani walipita nyumba yenye tausi wa saruji juu ya mlango, mkia wake umefunguka ukuta mzima. Siku nyingine Okeyo angesimama hapo nusu saa. Leo alipita kama haoni.

"Fundi leo hana neno?" Bernadeta akauliza.

"Mwalimu, kuna kitu nimekosea."

"Kikubwa?"

"Kikubwa."

"Kitaanguka?"

"Kitaanguka sasa hivi."

"Basi twende kikaanguke tukiwa tumekaa, miguu inaniuma."

Malimi walimkuta kwenye baa ya ufukweni, chini ya paa la makuti, kavaa koti zito kwenye jua lote lile, soda mbele yake na sato nusu kwenye sahani. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono ya mkulima na kicheko cha kusikika ng'ambo. Alimkumbatia dada yake, "Belenadeta wangu!", akampa Okeyo mkono wa mafuta ya samaki, akawasogezea viti. Kisha akajifuta mdomo.

"Haya, Baba Akelo. Mahali."

Okeyo amekaa Mwanza miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka, lakini hofu ikimshika, ile "sh" ya Kiswahili inamkimbia na kumwacha Mjaluo wa Shirati mtupu.

"Semeji," akaanza. "Mahali nimetafuta. Nimepata."

"Safi! Wangapi?"

"Panne," akasema Okeyo, akihesabu na zile baa walizozifuta, maana idadi ndiyo aliyoulizwa.

"Wanne! Si haba, tutaongea. Wako wapi?"

"Mirongo. Gorofani."

Malimi alisitisha kipande cha sato hewani. "Umepandisha ng'ombe gholofani?"

"Si ng'ombe, semeji. Ukumbi. Ulisema mahali, mimi nikatafuta mahali. Pa serehe. Mahari sina. Nimekosea, nisamehe."

Wateja wa meza ya jirani waliacha kutafuna. Malimi alielewa polepole, na jinsi alivyoelewa ndivyo uso ulivyokunjamana. Alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nimeacha mihogo yangu haijavunwa, nimevaa koti la msiba na halusi, nimekuja kuonyeshwa baa? Unatuona sisi watoto? Dada yangu hana watu? Belenadeta, chukua mkoba wako, tunaondoka."

Okeyo aliinamisha kichwa. Aliona yote yanakwenda na maji: raba nyeupe, mwavuli, nyumba ya Igoma yenye ufa uliozibwa. Roho ilimuuma kweli kweli.

"Kaka," akasema Bernadeta. "Kaa."

Hakupaza sauti. Lakini ilikuwa ile sauti iliyowakalisha watoto themanini kwenye madawati ya arobaini, na Malimi akajikuta anainua kiti, anakaa.

"Baba Akelo hakukosea peke yake. Mimi nilijua tangu asubuhi. Aliniambia maneno yako kama yalivyo: mahali ikieleweka. Mahali hai-eleweki, Malimi, mahali pa-naeleweka. Inayoeleweka ni mahari. Nimelisahihisha kosa hilo miaka thelathini."

Okeyo aligeuka. "Ulijua? Na ukaniacha nizunguke mji mzima?"

"Nilikuacha kwa sababu ulikuwa unaniuliza."

Kisha akamgeukia kaka yake.

"Nilipoolewa na marehemu, nyinyi wanaume mlikaa uwanjani siku mbili. Mimi nilikuwa jikoni nachambua dagaa. Hakuna aliyechungulia hata kuniuliza kama nimekula. Ng'ombe wakaja. Wako wapi wale ng'ombe, kaka?"

Malimi alichokonoa mfupa wa samaki.

"Nakuuliza. Wako wapi?"

"Niliolea," akasema chini chini. "Walienda kwa wakwe zangu, kwa ajili ya Mama Kashindye."

"Basi mahari yangu iko jikoni kwako, inakupikia ugali mwaka wa thelathini na tatu. Haijaisha bado? Leo mtu amekuja kuniamsha, amenipandisha ngazi, amenishusha, na kila mlango ananiuliza, Mwalimu, hapa unapaonaje? Nina miaka hamsini na minane. Mahari nilishatolewa, kaka. Mahali sijawahi kuulizwa."

Akatoa leso, akajifuta macho bila kuficha. Okeyo naye alikuwa hana haja ya kujificha, machozi yalikuwa yameshafika kwenye masharubu.

Mhudumu alikuja kuuliza kama kuna anayeongeza, akaona hali, akarudi alikotoka. Mwishowe Malimi aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa kisimu chake cha vitufe, kile ambacho akiongea nacho meza nzima inasikia, akabonyeza.

"Mama Kashindye."

"Abee."

"Nakuuliza kitu. Ule mwaka tulipooana. Ulitaka shelehe ifanyike wapi?"

"Umelewa?"

"Nakunywa soda. Nijibu."

Kuku walisikika, na mlio wa sufuria likiwekwa chini.

"Kwetu Kigongo," akasema yule mama. "Siyo uwanjani, pale chini kwenye mawe, ufukweni. Nilitaka wageni waje na mitumbwi, na ngoma iwe mbele kwenye mtumbwi wa kwanza. Nilitaka jioni, jua likipungua, kwa sababu ya gauni."

Hakusita hata neno moja. Alilitoa lote kama mtu aliyekuwa amelishika mkononi miaka yote hiyo.

Malimi alifumba macho. "Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Simu ilikatika, au labda alikata mwenyewe. Malimi aliiweka mezani kando ya sahani, akaitazama kwa muda mrefu, na sato wake akapoa. Hakumtazama dada yake, wala Okeyo. Alipiga mafunda ya soda mpaka ikaisha, akavua lile koti zito, akalikunja kwenye mkono.

"Hapo gholofani," akasema. "Twendeni nikapaone."